Kuku wa Tatu wa Mama Zuhair

Kuku wa tatu alikuwa mjanja kuliko wenzake wawili waliomtangulia. Alimzungusha Nangila uani mara nne, akapita chini ya kamba ya nguo, akaruka juu ya tangi la maji, na wapangaji wa ploti ile ya Migosi wakatoka milangoni kutazama sinema ya bure. Nangila alipomkamata, kilemba kilikuwa kimemwangukia begani na kiatu kimoja hakijulikani kiliko. Akamkabidhi kuku kwa Abdulrahman, jirani wa mlango wa mwisho, aliyekuwa amesimama na kisu chake akijizuia kucheka.

"Mama, hii ni Alhamisi ya tatu unaniita kuchinja," Abdulrahman alisema. "Iko harusi hapa na sisi majirani tunafichwa?"

"Harusi ya nani? Ni mgeni wangu tu. Yeye ni Muislamu, nikichinja mimi hatakula."

Sasa, mgeni huyo hakuwa mgeni, na hapo ndipo kosa lilipokuwa limejificha. Rehma, ambaye mji mzima ulimwita Mama Zuhair kwa jina la kifungua mimba wake, alikuwa na kiwanda cha mikate alichokijenga kutoka oveni moja ya matofali. Alikuja kwa Nangila kila Alhamisi kwa sababu alipewa kazi ya kumshauri. Saa moja kwa wiki, kwa miezi mitatu. Wiki mbili zilikuwa zimeshakwenda, na katika saa hizo mbili mshauri alikuwa amekula vizuri sana.

Nangila alikuwa fundi wa mahema. Kwa miaka kumi na miwili alishona turubai katika kibanda chake cha Nyamasaria: mahema ya harusi, ya matanga, ya mikutano ya injili. Alijulikana kwa jambo moja tu, nalo lilimtosha: hema la Nangila halivuji. Mvua ya Kisumu inyeshe inavyotaka, bibi harusi atabaki mkavu na keki yake pia.

Siku moja Apiyo, mwuzaji wa omena kutoka ufuo wa Ogal, alikuja kibandani kutafuta turubai kuukuu la kufunikia samaki wake. Wale samaki wadogo huanikwa chini kwenye nyavu, na jua likiwaka siku moja tu wamekauka. Mvua ikinyesha, huoza, na kinachobaki huuzwa kwa wenye kuku kwa bei ya kutupa. Hata wakikauka vizuri huja na mchanga. Kila anayekula omena anaujua ule mchanga, anaiosha mara tatu na bado unamkuta menoni. Nangila alimsikiliza, akashika tama, kisha akasema, "Na nikikushonea hema la nailoni nyeupe, jua liingie, mvua na mchanga vibaki nje?"

Akalishona. Mwezi wa Januari, jua likiwa kali, omena ya Apiyo ilikauka ndani ya nusu siku, safi, bila chembe ya mchanga. Nangila alilia kwa furaha pale ufuoni mbele za watu, wala hakuona haya. Ndipo akaomba nafasi katika Chipuka, programu ya kukuza biashara changa iliyokuwa imefungua ofisi mjini, na kati ya watu zaidi ya mia moja akawa mmoja wa kumi na wawili waliochukuliwa, kila mmoja akapewa mshauri wake. Akafunga kibanda cha mahema. Aliwaambia wateja wake kwamba sasa yeye ni mtu wa vikaushio, na alilisema neno hilo kifua mbele.

Mwisho wa programu ulikuwa na tunda la kuvutia. Chama cha wanawake wauza omena wa ufuo ule, kikiongozwa na mama mmoja mkali aitwaye Seline, kilikuwa tayari kuagiza vikaushio thelathini. Sharti lilikuwa moja. Vikaushe mvua ikinyesha, maana jua likiwapo nani anahitaji hema? Majaji wangekuja ufuoni kujionea, mwezi wa Mei, katikati ya masika.

Na masika yalipobisha hodi, kikaushio kiliaibika. Mara ya kwanza omena ilitoka laini. Mara ya pili ilitoka na harufu iliyowafukuza hata paka. Nangila hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani, akanunua kuku.

Usimcheke haraka. Kwao Bungoma, mgeni akija na paa linavuja, husemi paa linavuja. Unamhamishia kiti penye ukavu na kuongeza sauti ya redio. Mgeni wa heshima anapikiwa kuku, na katika sahani yake inawekwa firigisi, kile kipande kidogo kigumu ambacho kwa Wabukusu si nyama ya mtu yeyote. Ni ya mwenye mji, au ya mgeni ambaye mwenye mji anamheshimu. Nangila alianza kupika kuku akiwa na miaka tisa, na hadi kufikia thelathini na sita alikuwa amepika firigisi nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, zote zikapita mkononi mwake kwenda kwa baba, kwa wajomba, kwa wachungaji. Hakuwahi kuonja hata moja. Kumpa Mama Zuhair firigisi ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na alidhani mshauri ni mtu wa kuheshimiwa hivyo: unamkalisha vizuri, unamwitikia ndiyo, unamsindikiza hadi kwenye gari.

Basi Alhamisi ile ya tatu, Mama Zuhair aliketi, akafungua daftari lake, akauliza alichouliza kila wiki. "Shida iko wapi wiki hii, Nangila?"

"Hakuna shida, Mama Zuhair. Kila kitu kiko sawa."

"Mvua hii yote, na hakuna shida?"

"Inakausha tu vizuri, Madam. Karibu mkono unawe."

Mama Zuhair hakunawa. "Niletee hiyo omena niione."

Nangila alikuwa amejiandaa hata kwa hilo, na ndilo jambo lililomfanya baadaye ajione mjinga kupindukia. Asubuhi alikuwa amepita sokoni akanunua omena iliyokauka, mafungu matatu, akaitia katika mfuko wa nailoni. Aliuleta mezani kwa mikono miwili.

Mama Zuhair hakuionja. Aliomba sinia. Akamimina omena yote, akalitikisa polepole kama anayepepeta mchele, kisha akaisukumia kando kwa kiganja. Katikati ya sinia ulibaki mchanga, mstari mzuri mweupe wa mchanga wa ufuoni.

Mama Zuhair aliligeuza sinia likamwelekea Nangila.

"Nifahamishe, mwanangu," Mama Zuhair alisema. "Mchanga umeingia lini ndani ya hema lako?"

Fahari yote ya Nangila ilikuwa kwamba omena yake haina mchanga, ndiyo aliyoiandika katika fomu, ndiyo aliyowatangazia majaji, na sasa ameuleta mchanga wenyewe mezani kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. Akasema yote: ile laini, ile ya harufu, Apiyo aliyepoteza beseni tatu, na kwamba kwa majuma mawili amekuwa akiomba Mungu mvua ikatike.

Alingoja kufokewa. Mama Zuhair alichukua kifuniko, akalifunika bakuli la kuku taratibu, na kwa Nangila kitendo hicho kiliuma kuliko matusi. Kukataliwa chakula chako na mgeni ni pigo, tena chenye firigisi juu.

"Nimekula kuku wako wawili, na walikuwa watamu, Mungu akubariki," Mama Zuhair alisema. "Lakini hii saa moja si ya kula. Nimekuja na miaka ishirini ya kuunguza mikate, nimeileta hapa yote ikusaidie, na wewe unanifungia mlango kwa mapaja ya kuku. Nitakusaidia nini na huna shida? Mtu asiye na shida namwombea dua, naenda zangu."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Sikiza sasa. Siku hilo hema litakapokausha omena na mvua inanyesha, nitakuja hapa nikiwa na njaa, na firigisi nitaidai mwenyewe. Kabla ya siku hiyo usinipikie hata yai. Vaa viatu twende Ogal."

Nangila alikumbuka kwamba kiatu kimoja bado hakijapatikana. Alienda na ndara.

Apiyo aliwapokea chini ya mwavuli, na hakuwa na habari ya adabu za wageni. "Nyar Bungoma!" alipaza sauti, maana ndivyo alivyomwita Nangila, binti wa Bungoma. "Umeleta mtu wa kuona hii aibu? Kuja, Mama, kuja unuse. Hii kitu imenimaliza kabisa."

Mama Zuhair aliingia ndani ya hema, akanusa, akatoka. Alikohoa kidogo. Kisha akasema jambo ambalo Nangila hakulitarajia kutoka kwa mtu mkubwa kama yeye. "Mimi sijui. Mimi ni mtu wa mikate, samaki nawajua kwenye sahani. Lakini namjua anayejua." Akatoa simu pale pale mvuani.

Aliyempigia aliishi Awasi, kwenye barabara ya Kericho. Mzee Masinde alikuwa amestaafu baada ya kukausha majani chai kiwandani kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa akikausha mahindi yake mwenyewe na kulalamikia ya majirani. Lakini kabla mzee hajafika, Mama Zuhair alimpa Nangila sharti jipya. Kila Jumatano atume ujumbe wenye mambo matatu: kilichoharibika wiki hii, alichojaribu kukirekebisha, na swali moja analotaka lijibiwe Alhamisi. Habari njema zisubiri mwisho.

Ujumbe wa kwanza ulimtoa jasho. Aliandika "Habari ya kazi, natumai u mzima, sisi huku tunaendelea vizuri," akafuta. Akaandika tena, akafuta tena, mkono ukarudi kwenye "vizuri" kama ng'ombe anayerudi zizini. Mwishowe alifumba macho akaandika: "Omena imeoza tena. Nimefunga kila upenyo na bado inaoza. Swali: kwa nini joto liko na haikauki?" Akabonyeza kutuma, kisha akaigeuza simu isimtazame.

Jibu lilikuja kwa neno moja. "Alhamdulillahi."

Mzee Masinde alikuja Ogal Alhamisi hiyo na kofia ya soksi na kikohozi. Hakuuliza mambo mengi. Alimwambia Nangila aingize mkono ndani ya hema na kuuacha mle akihesabu hadi mia. Ulitoka umelowa.

"Umeona? Maji ya samaki yametoka kwa samaki, yakakosa pa kwenda, yakamrudia samaki," Mzee Masinde alisema. "Hapa hukaushi, mama. Unapika. Na unapika kwa moto kidogo, ndiyo maana inaoza. Kinachokausha ni upepo. Joto ni msaidizi tu. Nani alishona hii kitu ikabana hivi?"

"Mimi."

"Unashona vizuri sana," mzee alisema kwa huzuni.

Alitaka hema litobolewe. Matundu chini upande wa ziwa, na juu lifunguliwe, liwekwe bomba la bati la kutolea mvuke. Kwa siku zisizo na jua, upepo wa chini upitie kwenye bati lililopashwa moto na jiko la pumba za mpunga, kwa sababu Ahero kwenye mashamba ya mpunga hakukuwa mbali, na pumba zake zinatupwa vilima vizima.

Nangila alichukua mkasi. Na hapo, wapendwa, mwanamke aliyekuwa amekata maelfu ya mita za turubai alishindwa kukata sentimita kumi. Mkono ulikataa. Kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kuziba. Jina lake mjini lilikuwa kuziba. Alitazama mshono wake uliopita mara mbili na kupakwa gundi, akaona ni kama anaambiwa amkate mtoto sikio. Mama Zuhair alisimama kando, wala hakumpokea mkasi. Apiyo ndiye aliyepoteza subira.

"Kata, Nyar Bungoma! Ama nikate mimi na meno?"

Nangila alipiga moyo konde akakata. Mvuke ulitoka pale juu mweupe, ukapanda, na wote wanne wakainua shingo kuusindikiza kwa macho.

Ningependa kusema mambo yalinyooka siku hiyo hiyo, ila ningekuwa mwongo, na habari hii imeshaona uongo wa kutosha. Mara ya kwanza trei za juu zilikauka na za chini zikabaki zinavuja maji. Nangila aliandika hivyo Jumatano. Mara ya pili bati lilitoboka, moshi ukaingia, na omena ikanuka kama koti la mlinzi. Akaandika. Mara ya tatu alizidisha pumba na omena ya trei nzima ikavunjika vipande vipande kama majani makavu, naye Apiyo akacheka hadi akakaa chini. Nangila aliyaandika yote, na kufikia ujumbe wa tano hakufuta neno tena. Kila Alhamisi saa ile moja ilijaa hadi pomoni. Wiki moja Mama Zuhair alimfundisha kugeuza trei kwa zamu, kama wanavyogeuza mikate ili ya mbele isiungue. Wiki nyingine hakuwa na jibu, akampigia mtu mwenye jibu. Chai walikunywa ya rangi, tena wamesimama.

Katika mikutano ya Chipuka mjini, wenzake kumi na mmoja walisimama kila mwezi kueleza walivyokua. Nangila alisimama kueleza alivyoharibu. Kijana mmoja wa kuuza programu za simu alimsonya kidogo mara ya kwanza. Mwezi uliofuata alimfuata kwenye ngazi akamwuliza kama anaweza kuona zile jumbe zake za Jumatano, anataka kuiga. Nangila alitembea hadi stendi siku hiyo akitabasamu peke yake, na watu wakampisha njia.

Siku ya majaji kufika, mvua ilianza alfajiri na haikuwa na haraka ya kwenda popote. Ziwa halikuonekana. Majaji watatu walishuka kwenye gari wakiwa na magambuti, na nyuma yao Seline akiwa na wanawake wa chama, mikono imefungwa kifuani. Mama Zuhair alisimama mbali kabisa chini ya kibanda cha mizani. Siku hiyo haikuwa yake na hakutaka ionekane yake.

Nangila hakuanza na kikaushio. Alianza na chupa ya kioo yenye omena iliyooza ya mwezi wa tatu, akaifungua, akampitishia kila mmoja anuse. Jaji mmoja alirudi nyuma hatua mbili.

"Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza kwa mvua," alisema. "Nilikuwa nimeziba kila mahali. Nitawaonyesha mahali nilitoboa na kwa nini."

Akawaonyesha. Matundu ya chini, bati, jiko la pumba, bomba la juu likitoa mvuke katikati ya mvua. Omena ya ndani ilikuwa imeingizwa saa mbili asubuhi, Seline mwenyewe akishuhudia, na sasa saa tisa mchana Nangila alivuta trei ya chini kabisa, ile iliyomsumbua kwa majuma. Samaki waligongana kwa sauti kavu kama mbegu. Kila mtu aliisikia.

Seline hakuwa mtu wa kushawishika kwa sauti. Alichukua mmoja akamvunja, akatafuna. Akatafuna tena polepole, kama mtu anayetafuta kitu.

"Mchanga uko wapi?" aliuliza.

Nangila aliomba sinia. Akamimina trei nzima, akalitikisa polepole, akaisukumia omena kando kwa kiganja. Sinia liling'aa. Aliliinua juu, mvua ikigonga paa la nailoni, akawazungushia wote mmoja mmoja, na alipofika upande wa kibanda cha mizani aliliinua juu zaidi.

"Thelathini," Seline alisema. "Na mimi napata cha kwanza, mnisikie vizuri, kabla ya mtu yeyote hapa." Hapo wanawake wa chama walipasuka vigelegele, Apiyo akamkumbatia Nangila hadi sinia likaanguka, na majaji ikabidi wasubiri wakiwa wamelowa mpaka kelele zipungue ndipo waseme kile ambacho kila mtu alishakijua.

Jumamosi yake, kuku wa Migosi walikimbizwa tena. Abdulrahman alikuja na kisu kabla ya kuitwa. "Hii sasa ni harusi," alisema, na hakuna aliyembishia. Mezani walikaa Apiyo, Mzee Masinde na kofia yake ya soksi, na Mama Zuhair, aliyeingia akitangaza kutoka mlangoni kwamba hajala tangu jana na kwamba ana deni lake hapa.

Nangila alimpakulia. Firigisi ilikaa juu, inang'aa kwa mafuta. Mama Zuhair aliichukua kwa vidole viwili, akanyoosha mkono juu ya meza na kuiweka katika sahani ya Nangila.

"Mama, hapana," Nangila alisema. "Hiyo ni ya mgeni."

"Wewe uliniambia ni ya mwenye mji."

"Ni ya mwenye mji ama mgeni, lakini..."

"Basi mimi si mgeni hapa. Nilishakataa ugeni tangu siku ya mchanga. Na mji huu ni wa nani?"

Nangila alimtazama Mzee Masinde, Mbukusu mwenzake, mtu wa umri wa baba yake, akitarajia angalau akunje uso. Mzee alikuwa amekwisha kuchukua paja na anaendelea na kazi. "Kula, mama," alisema bila kuinua macho. "Inapoa."

Akaila. Ilikuwa ngumu kidogo, yenye chumvi, tamu kuliko alivyowahi kufikiri, na aliitafuna polepole sana huku wote wakimngoja. Kisha akafuta vidole, akavuta simu, kwa sababu Mama Zuhair alikuwa ameshauliza shida iko wapi wiki hii, na katika vikaushio thelathini zilikuwapo nyingi.